Nyumba ya Kwanza ya Mwalimu Nyamisi

Siku niliyoripoti kazini Musoma nilikuwa nimevaa viatu vipya na sketi ya kushonesha, nimebeba cheti changu cha ufundi sanifu ndani ya bahasha ya kaki. Nilidhani nitaonyeshwa meza ya kukaa. Mhandisi Mkuu, mzee mrefu wa sauti ya chini ambaye hakupenda kurudia neno, alikisoma cheti, akakirudisha kwenye bahasha, akaniuliza kama nimewahi kushika sururu. Nikamjibu kwamba nyumbani kwetu ni wakulima. Akasema vizuri, basi twende Makoko.

Chama kilichoniajiri kilikuwa cha watu wanaotaka kujenga. Walimu, wauguzi, madereva, wauza samaki, watu wa mishahara midogo na biashara ndogo, waliweka akiba yao kidogo kidogo, na ilipofika kiwango kilichokubaliwa walikopeshwa wajenge nyumba ya kwanza ya familia. Kabla mkopo haujatoka, mtu kama mimi alitakiwa kwenda kuona kiwanja, kukaa na familia, kupitia ramani, kisha kuandaa makadirio, yaani hesabu ya vifaa na ufundi tangu shimo la msingi mpaka kitasa cha mlango. Cheo chetu kiliitwa mkadiriaji. Nimeifanya kazi hiyo Musoma, nikaifanya Bunda, nikaimalizia Butiama, na ninaandika haya nikiwa bado na hasira. Wenzangu niliostaafu nao wananiambia hasira ya mstaafu haimsaidii mtu. Huenda ni kweli. Lakini wanaojenga leo ni watoto wetu, na bado wanadanganywa vilevile.

Kiwanja cha Makoko kilikuwa cha mvuvi mmoja na mkewe. Walikuwa wametuandalia viti na chai, na ramani ya nyumba imetandazwa juu ya stuli, imebanwa na vikombe ili upepo wa ziwani usiipeperushe. Mhandisi Mkuu hakuitazama. Aliniambia nichimbe katikati ya kiwanja. Viatu vyangu vipya viliishia pale pale. Sururu iligonga mwamba mapema, nikasimama, naye akasema nihame nichimbe pembeni, kisha pembe nyingine, mpaka tukajua jiwe limelala vipi chini ya ardhi yote ile. Ndipo akakaa na wenye nyumba. Hakuuliza habari ya ramani hata wakati huo. Alimuuliza mama ni nani watalala humo, maji yanatoka wapi, anapikia nini, na ni miezi gani ziwa linakuwa gumu na mume anarudi mikono mitupu. Mimi nilikuwa nahema, nimeshika sururu, sielewi miezi ya samaki inahusiana nini na nondo.

Tukiwa njiani kurudi alinieleza, na maneno yale sijayasahau.

"Binti, hawa hawakutuita tuwaambie kama nyumba yao itapendeza. Wametuita tuwaambie kama wataimaliza. Ukishindwa kuwajibu hilo, rudi kwenu ukalime."

Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, na kwa miaka yangu yote ya Musoma ndivyo nilivyofanya. Unaanza na ardhi, unafuata na mfuko wa familia, ramani inakuja baadaye. Ukishaijua ardhi, unajua msingi utakula kiasi gani, maana msingi ndio unaomeza vifaa bila mtu kuviona. Ukishaujua mfuko, unajua nyumba ijengwe kwa awamu zipi. Tulikuwa tunampangia mtu vyumba viwili, jiko na choo ambavyo anaweza kuvimaliza na kuhamia, huku tukiacha upande mmoja wa ukuta wazi kwa ajili ya vyumba vitakavyoungwa baadaye. Na katika kila makadirio tuliweka fungu la tahadhari, la kufidia saruji ikipanda bei, mvua ikisomba mchanga, au mtoto akilazwa hospitali. Mhandisi Mkuu alikuwa akikuta makadirio yasiyo na fungu hilo anayarudisha bila kusema neno, ameyakunja tu katikati.

Choo nacho. Nimeona makadirio mangapi yenye nguzo za barazani na vigae vya sebuleni, ila shimo la choo halimo? Mtu anamaliza kupaua, yaani kuezeka, anageuka nyuma anakuta hana pa kwenda kujisaidia, wala hana fedha ya kuchimba. Watu wananiona mkali nikisema hivi. Pitia barabara yoyote ya kutokea Musoma uyahesabu mwenyewe maboma, hizo kuta zilizosimama bila paa, miti imeota sebuleni na mbuzi wanajikinga mvua kwenye chumba cha watoto. Kila boma ni familia inayolipa kodi ya nyumba mahali pengine huku mkopo ukiendelea kukatwa. Wapita njia husema mwenye nyumba hana mipango. Mimi najua kwamba mara nyingi alikuwa nayo, akakutana na mtu aliyelipwa kuivuruga.

Mtu wa namna hiyo nilimkuta Bunda.

Nilihamishiwa huko nikiwa tayari mama wa watoto wakubwa, naitwa Mama Magesa na kila mtu. Tawi letu lilikuwa karibu na stendi, na aliyeliongoza alikuwa Meneja wa Tawi, kijana kwangu kwa umri, nadhifu, mcheshi, anayewashika wateja mkono kwa mikono yake miwili. Ukutani mwa ofisi yake alitundika picha kubwa ya nyumba yenye rangi: vyumba vinne, baraza lenye nguzo za mviringo, paa lenye migongo mingi. Mteja akiingia, kabla hajakaa, macho yake yalikuwa pale. Mwanzoni nilidhani ni pambo. Baada ya muda nikaelewa kwamba ndiyo iliyokuwa biashara. Kila aliyekuja kukopa aliondoka na ramani ile ile, ameinunua kwa meneja, na kadiri mkopo ulivyokuwa mkubwa ndivyo posho yake ya mwisho wa mwaka ilivyonenepa. Vifaa navyo vilitoka duka moja tu, na mwenye duka alikuwa shemeji yake.

Ramani hiyo niliifahamu. Ilichorwa Musoma, tena na mtu wa ofisi yetu, kwa ajili ya kiwanja kimoja chenye mwamba karibu na uso wa ardhi. Msingi wake ulikuwa mfupi kwa sababu mwamba wenyewe ulikuwa msingi. Sasa ilikuwa inauzwa Bunda kwa kila mtu, kwenye kila aina ya udongo, bila kubadilishwa hata mstari.

Mwalimu Nyamisi na mumewe Bwire walikuja asubuhi moja ya kipindi cha likizo. Nyamisi alifundisha shule ya msingi, mwanamke mnyamavu anayefikiri kabla ya kujibu. Bwire aliuza dagaa sokoni, naye aliongea kwa wote wawili. Walikuwa wamepanga vyumba viwili wakiishi na watoto wao na mama yake Bwire, Bibi Nyangeta, aliyetoka kijijini kwao rasini, upande wa ziwa, baada ya kufiwa na mume. Mwenye nyumba alikuwa amewaambia waziwazi kwamba bibi akiendelea kuanika dagaa uani wahame wote. Walikuwa na kiwanja Kabasa. Walichotaka ni vyumba viwili na jiko, na chumba kidogo cha bibi chenye mlango wake.

Nilikwenda nao Kabasa, Bwire akachimba mwenyewe. Juu kulikuwa na majani mazuri, chini udongo mweusi ti, unaonata kwenye sururu kama ugali wa mtama. Tukaenda chini zaidi, bado mweusi. Huo ni udongo wa mbuga. Ukilowa unavimba, ukikauka unasinyaa na kuacha nyufa ambazo mguu wa ndama unazama. Nyumba iliyowekwa juu yake kienyeji inainuliwa masika na kushushwa kiangazi, mwaka hata mwaka, mpaka inaachia. Siyo kwamba haijengeki hapo. Inajengeka, ila lazima uutoe udongo ule, ujaze moramu, ile changarawe nyekundu, na kuishindilia tabaka kwa tabaka, kisha ufunge mkanda, yaani zege lenye nondo linaloizunguka nyumba nzima juu ya msingi. Inagharimu. Ndiyo maana juu yake unajenga kidogo.

Nikawaandalia makadirio yao hivyo: msingi mnene, nyumba ndogo, choo kimo, fungu la tahadhari limo. Nyamisi aliyasoma yote pale pale kiwanjani, akaniuliza maswali machache ya maana, akasema wataweza. Nakumbuka alivyoyakunja akayaweka kwenye mkoba, na Bwire akaanza kupima kwa hatua mahali atakapoweka kichanja cha dagaa cha mama yake.

Meneja alinirudishia makadirio yale kesho yake. Alifunga mlango wa ofisi, akanikaribisha kiti, akaniuliza habari za watoto. Kisha akasema mwalimu ni mtu wa heshima katika jamii, na mimi nimemchorea banda. Nikamweleza habari ya udongo. Akasema udongo ni udongo, Bunda nzima imejengwa juu yake. Nikamwambia msingi wa ramani yake hautafika popote Kabasa. Akatabasamu.

"Mama Magesa, tatizo lako wewe unawapangia watu umaskini. Mtu anakuja na ndoto, wewe unamkabidhi shimo."

Nilimwambia kwamba sitasaini makadirio ya ramani ile kwa kiwanja kile. Kanuni ya chama ilikuwa hivyo, bila saini ya mkadiriaji mkopo hautoki. Akasema hakuna shida, meneja ana mamlaka ya kusaini mkadiriaji akiwa hayupo. Nikamwambia kwamba mimi nipo, nimekaa hapa mbele yake. Akasema, kwa upole ule ule, kwamba kutokuwepo kwangu kunaweza kupangwa.

Siku iliyofuata meneja aliwaita Nyamisi na Bwire, nao walipotoka ofisini kwake niliwafuata nje, kwenye ngazi, nikawaambia wasijenge nyumba ile kwenye kiwanja kile. Bwire alikuwa na picha ya rangi mkononi, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeonyeshwa mbingu. Nyamisi ndiye aliyenijibu.

"Mama, nimekuelewa tangu juzi," alisema. "Ila meneja anasema pesa zinatoka kwa ramani hii tu. Nikiikataa nasubiri awamu nyingine ya mikopo, na mwenye nyumba ameshatupa notisi, mwisho wa mwaka tunatolewa."

Hapo ndipo hasira yangu ilipoanza. Watu wanafikiri wanaodanganywa ni wajinga. Yule mwalimu hakuwa mjinga. Alijua anachouziwa, na hakuwa na duka lingine la kwenda.

Barua yangu ya uhamisho ilifika kabla ya msingi wao kuchimbwa. Nilipelekwa Butiama, kwenye tawi lililokuwa na chumba kimoja, kabati, na wanachama wengi wao wafugaji waliokuwa wanajenga kwa kuuza ng'ombe mmoja mmoja. Meneja alinifanyia hafla ya kuniaga, akanipa khanga. Kwa kweli Butiama nilipapenda. Wafugaji walinielewa haraka kuliko watu wa mjini. Ukimwambia mfugaji kwamba hatua hii ya nyumba italiwa na madume mawili na ile ya kupaua na mengine matatu, anatazama zizi lake na kukujibu ukweli. Lakini kila nilipoona mawingu yanajikusanya upande wa Bunda, nilifikiria ule udongo.

Masika ya pili Nyamisi alikuja. Nilimwona akishuka kwenye basi, amekonda, hana mkoba wala mwavuli. Nilimpeleka kwangu, nikampikia uji, akaunywa wote. Kisha akanieleza taratibu, kama anayesimulia darasani. Nyumba ilifika kwenye kupaua, fedha ikaisha, kwa sababu paa la migongo mingi lilimeza mbao na bati kuliko walivyoambiwa. Walihamia hivyo hivyo, bila dari, bila plasta, madirisha wameziba kwa magunia. Choo hakikuwemo kwenye makadirio ya meneja, walikuwa wanaomba kwa jirani. Mvua zilipoanza, ufa ukatokea juu ya mlango wa sebule. Kiangazi ukafunga kidogo. Masika haya ulifunguka mpaka msingi, na sasa mkono wa mtoto unapita, na mlango wa chumba cha bibi haufunguki tena, bibi anapitia dirishani.

"Mimi si mtu wa kulia, Mama Magesa," alisema. "Ila siku ile nilipomwona mama mkwe anashushwa dirishani kama mzigo, nililia mbele ya watoto."

Meneja aliitwa akaja kutazama. Alisema fundi alipunguza saruji na kwamba Bwire aliiba nondo akauza. Fundi akakimbilia Mwanza. Ndugu wa Bwire nao wakaanza kusema yao, kwamba Bwire alijenga bila kuwaarifu wazee kijijini, kwa hiyo nyumba imekataa. Bwire, yule mtu wa maneno mengi, aliacha kuongea. Aliamka, akaenda sokoni, akarudi. Na kila mwisho wa mwezi mshahara wa Nyamisi ulikatwa kwanza na chama ndipo ukamfikia.

Nilikwenda Kabasa Jumamosi iliyofuata. Sitaieleza sana nyumba ile. Ilikuwa imesimama na nguzo zake za mviringo barazani, imepakwa rangi mbele tu, kama mtu aliyevaa koti juu ya vidonda. Bibi Nyangeta alikuwa amekaa nje juu ya ndoo. Alinisalimu, akaniambia kwamba kwao alijengaga kwa miti na udongo pamoja na marehemu, na nyumba ile bado ipo, haijawahi kumfungia ndani.

Niliomba kikao makao makuu Musoma. Mhandisi Mkuu wangu wa zamani alikuwa ameshastaafu na kurudi kwao, na nafasi yake haikujazwa na mhandisi bali na Mkurugenzi wa Mikopo, mtu wa hesabu za benki. Meneja wa Bunda alikuwepo, ameletewa soda. Nyamisi hakuitwa. Nilieleza udongo, nikaeleza ramani ilikotoka, nikaeleza nani alisaini na kwa nini. Mkurugenzi alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza ninataka nini hasa. Nikasema ninataka makato ya mwalimu yasimame mpaka nyumba yake isimame, na ramani ile iondolewe ukutani.

"Mkopo ni mkopo, mama," alisema. "Nyumba ikiungua mkopo unabaki, ikipasuka mkopo unabaki. Na wewe ni mtumishi wetu, sio wakili wao."

Walichokubali ni kupunguza makato kidogo na kurefusha muda wa kulipa, na kwenye muhtasari wa kikao wakaandika kwamba chama kimemwonea mwanachama huruma. Huruma. Neno hilo nililirudia njia nzima ya kurudi Butiama. Mtu anakuuzia maradhi, halafu anataka umshukuru kwa kukupunguzia bei ya dawa. Haukupita muda mrefu meneja akapandishwa kuwa Meneja wa Kanda, kwa sababu tawi lake ndilo lililokuwa limetoa mikopo mingi.

Basi tukajenga wenyewe. Sikulipwa na sikuomba ruhusa. Jumamosi nilikuwa napanda basi kwenda Bunda, na nilianza kwa kuwaambia neno gumu kuliko yote, kwamba nyumba ile haitengenezeki, ibomolewe ingali inaweza kutoa kitu. Nilitegemea Bwire akatae. Aliingia ndani, akatoka na nyundo, akapiga nguzo ya barazani mpaka ikaanguka. Ndiyo siku aliyoanza kuongea tena.

Bati zilitoka nzima karibu zote. Mbao za kenchi, zile zinazobeba paa, zikatoka nyingi kuliko tulivyohitaji, tukauza zilizozidi na kununua moramu. Matofali yalikuwa ya kuchoma, na Bibi Nyangeta ndiye aliyejipa kazi ya kuyasafisha. Alikaa kivulini na panga butu, akakwangua udongo na saruji kwenye tofali moja baada ya jingine, akiyapanga kwa ukubwa, na mtu yeyote wa ukoo aliyekuja kutoa pole alikabidhiwa panga kabla ya kumaliza salamu. Wale waliosema nyumba imekataa walijikuta wanakwangua matofali. Walimu wenzake Nyamisi walikuja kuchimba. Tuliutoa udongo mweusi wote mpaka tukafika kwenye ardhi ngumu, tukashindilia moramu kwa siku nyingi, tukafunga mkanda. Majirani waliopita walicheka, shimo lote hili kwa nyumba ya vyumba viwili. Nyamisi aliwakaribisha nao washuke wachimbe.

Walihamia polepole, chumba kwanza, kisha jiko, kisha chumba cha bibi chenye mlango wake. Mvua zilikuja zikapita. Nilikuwa naamka Butiama nikisikia ngurumo, nangoja simu kutoka Kabasa, na haikuja. Zikaja nyingine zikapita. Nyumba ile ni ndogo, haina nguzo, na ukuta wa nyuma una matofali yanayochomoza, tayari kwa vyumba vitakavyoungwa siku mkopo wa nyumba ya kwanza utakapokwisha kukatwa. Kwa maana bado unakatwa. Nataka mlielewe hilo ninyi mnaosoma. Yule mwalimu amelipia nyumba mbili na anaishi kwenye moja.

Nilistaafu nikiwa Butiama. Chama kilinifanyia sherehe kwenye ukumbi wa kanisa, na mgeni rasmi alikuwa Meneja wa Kanda. Alikuja na suti nzuri. Alisimama akaeleza jinsi tulivyofanya kazi pamoja Bunda, jinsi mimi nilivyokuwa mama kwake, jinsi nilivyomfundisha kuwajali wateja. Watu wakapiga makofi. Mezani mbele yake kulikuwa na zawadi yangu, friji, limefungwa utepe. Kisha nikapewa kipaza sauti nitoe shukrani.

Nilikuwa nimejiandaa kushukuru. Nakiri nilikuwa nimeandaa maneno mazuri. Lakini kule nyuma, karibu na mlango, nilimwona Nyamisi amekaa na Bwire na bibi, wamevaa nguo zao za kanisani, wamekuja kuniaga kwa nauli yao.

Nikasema, "Mgeni rasmi amesema tulifanya kazi pamoja, na ni kweli. Mimi nilikataa kusaini nyumba ya Kabasa, yeye akasaini. Familia yenyewe ipo, imekaa kule nyuma. Kabla hajanikabidhi zawadi ningemwomba aende akawasalimie, maana tangu nyumba yao ibomolewe hajawasalimia."

Mshereheshaji aliinama kwenye vyombo vyake vya muziki, lakini hakuvigusa. Meneja wa Kanda alitabasamu lile tabasamu lake, akatazama saa, hakunyanyuka.

Aliyenyanyuka ni Nyamisi. Alipita katikati ya meza zote, mwendo wake ule wa kukagua madaftari, mpaka mbele. Alikuwa amemzidi yule bwana umri kidogo, lakini alipiga goti kama tunavyofanya kwa wakubwa, na akasema kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima, "Shikamoo, mheshimiwa." Yeye akaitikia marahaba akiangalia bilauri yake. Nyamisi hakuondoka.

"Tumejenga," alisema. "Karibu nyumbani Kabasa uje uone."

Akasema atakuja. Nyamisi akamshukuru, akarudi kukaa, na Bibi Nyangeta akamsogezea kiti.

Muziki ulipigwa, keki ikakatwa, friji nikapewa na mtu mwingine. Baadaye wenzangu walinilaumu kwamba niliharibu sherehe yangu mwenyewe, kwamba mambo ya ofisi huachwa ofisini, kwamba yule bwana ana familia na ana jina. Niliwajibu kwamba mwalimu naye ana familia, na jina lake lipo kwenye orodha ya wanaokatwa kila mwezi. Siku hizi nakaa Musoma, na vijana wanakuja kwangu na picha za nyumba kwenye simu zao, nguzo na migongo ya paa, nami nawauliza habari ya udongo na habari ya mfuko mpaka wengine wanaondoka wamenuna. Waondoke. Nilimpigia Nyamisi simu wiki iliyopita kumjulia hali, na kabla hatujaagana nikamuuliza kama yule mgeni ameshafika.

Akacheka kidogo. Akasema bado, ila mlango haukwami, siku yoyote akija utafunguka.